Naomba ushauri: mazabodi ya kubeba GTX 1070 mbili

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Nina kadi mbili za picha aina ya GTX 1070, kila moja ina kumbukumbu ya GB 8. Moja nilinunua ikiwa imeshatumika, ya pili kaniachia binamu yangu alipohamia kwenye laptop. Prosesa ninayo, Ryzen 5 3600, na pawasaplai ya wati 650. Kilichobaki ni mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, maana ya zamani iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo.

Nataka kuzifunga kadi zote mbili kwa SLI, ule mfumo wa Nvidia wa kadi mbili kuchora gemu moja kwa pamoja, na daraja lake la kuziunganisha nimeshanunua. Leo nimezunguka Kariakoo tangu saa nne asubuhi mpaka maduka yanafungwa. Sehemu moja wana bodi ya B450 kwa shilingi 220,000, muuzaji anasema ina sloti mbili ndefu kwa hiyo kadi mbili zinaingia bila shida. Sehemu nyingine wana ASUS Prime X470-Pro iliyotumika, 350,000, hawashuki hata mia. Hiyo tofauti kwangu ni hela. Nacheza GTA V, eFootball na Cyberpunk 2077. Kesho narudi kulipa, naombeni mnisaidie kabla sijakosea.

Mdau wa kwanza

Mkuu, kama lengo ni SLI, hiyo B450 usiiguse. Kadi zitaingia na feni zitazunguka, ila draiva ya Nvidia, yaani programu inayoendesha kadi, haitakuruhusu kuziunganisha.

Prosesa yako ina njia 24 za PCIe, ndizo zinazopitisha data kati yake na kadi. 16 ni za kadi ya picha, 4 za diski ya NVMe, na 4 zinakwenda kwenye chipseti, ile chipu ya bodi inayohudumia sloti nyingine (B450 na X470 ni majina ya chipseti). Kwenye B450 za kawaida zile 16 zote zinaishia sloti ya juu. Sloti ya chini inategemea chipseti, inapewa njia 4 tu, tena za PCIe 2.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo. Nvidia wanataka kila kadi ipate njia 8 angalau. Prime X470-Pro inazigawa nane kwa nane, ndiyo maana unaona bei ile.

Ukitaka kuhakikisha bila kutegemea maneno ya mtu, washa tochi ya simu umulike ndani ya sloti ya chini. Utaona meno madogo ya rangi ya dhahabu pembeni. Yakiishia kama theluthi ya sehemu ndefu iliyo baada ya kile kizuizi kidogo, hizo ni njia 4, hata kama plastiki ya sloti inaenda mpaka mwisho. Yakifika kama nusu ya sehemu hiyo, ni 8.

Na jina la chipseti peke yake halitoshi. Gigabyte X570 Aorus Elite ni X570 kabisa, lakini sloti yake ya pili inatoka kwenye chipseti. Ndugu yake, Aorus Pro, inagawa nane kwa nane. Soma maelezo ya bodi yenyewe.

Mdau wa pili

Salaam kutoka Mombasa. Aliyetangulia amesema kweli tupu kuhusu njia, lakini ndugu yangu, mimi ningekuzuia hapo kwenye SLI yenyewe. Nvidia waliacha kuiandalia michezo mipya kwenye draiva tangu Januari 1, 2021. Cyberpunk itatumia kadi moja, eFootball vilevile. Katika orodha yako ni GTA V tu itakayonufaika. Halafu usijumlishe 8 na 8 ukapata 16. Kila kadi inabeba nakala yake ya picha zilezile, kwa hiyo kwa gemu unabaki na 8.

Nilikuwa na jozi ya GTX 970. Namba pembeni ya skrini ilisema fremu 80 kwa sekunde, lakini gari likikata kona macho yaliona picha ikikwamakwama, kwa sababu kadi zinapokezana fremu na hazifiki kwa mpigo mmoja. Nikauza zote mbili. Uza moja, chukua bodi ya bei nafuu, kisha dunduliza upate RTX 3060 moja. Ina GB 12, inakula wati 170, na inaizidi 1070 kwa mbali.

Mleta uzi

Nimekuelewa kaka, ingawa imeniuma kidogo. Ila kuna jambo sikulisema. Mdogo wangu anatumia Blender, programu ya picha za 3D, kwenye mashine hiihii, anatengeneza katuni za watoto, na usiku anaiacha irenda, yaani itoe picha za mwisho, mpaka asubuhi. Je, hapo kadi ya pili ina kazi?

Mdau wa kwanza

Hilo ungelisema mwanzo mkuu! Cycles, sehemu ya Blender inayorenda, haihitaji SLI wala daraja. Kwenye mipangilio ya mfumo achague CUDA (njia ya Nvidia ya kufanyia hesabu kwenye kadi) na kuweka tiki kadi zote mbili, zitagawana kazi zenyewe. Ile iliyo kwenye njia 4 itachelewa kidogo kupakia mandhari mwanzoni, baada ya hapo inachapa kazi kama mwenzake. Mandhari tu isizidi GB 8. Sasa nakwambia kachukue B450. Monita ichomeke kwenye kadi ya juu, gemu zitatumia hiyo.

Mdau wa tatu

Joto msilisahau, hasa kwa hapa Dar. Kadi ya juu inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na ya chini, na 1070 ikigusa nyuzi 83 inaanza kupunguza kasi. Kila kadi inakula nafasi mbili, kwa hiyo kati yake ibaki angalau nafasi moja tupu. Wati 650 zinatosha, kadi mbili ni 300, ila kila kadi ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai, usigawe mmoja. Na kadi ya pili ikirenda kwa muda wa saa sita kwa nguvu zote, ni karibu uniti moja ya umeme wa LUKU.

Jingine. B450 zilitoka 2018, prosesa yako 2019. Ikiwa BIOS, programu ya kuwashia bodi, ni ya zamani haitawaka. Nenda na prosesa yako, waiwashe mbele yako ndipo ulipe.

Mleta uzi

Wakuu, mrejesho. Nilimulika sloti ya chini, meno yakaishia kwenye theluthi ileile baada ya kizuizi. Walipoweka prosesa yangu, skrini nyeusi. Fundi wao akachomoa, akaweka Ryzen ya kizazi cha nyuma, akapandisha BIOS, akairudisha yangu, ikawaka. Nisingeenda nayo ningerudi nyumbani na bodi nisiyoielewa.

Jana usiku dogo amejaribu. Fremu iliyokuwa inachukua dakika sita imetoka kwa tatu na ushee. Kadi ya juu ilifika nyuzi 79, ya chini 70, kasha likiwa wazi ubavuni. Leo natafuta feni ya kuvuta hewa kutoka mbele. Daraja la SLI bado liko kwenye mfuko wake, mwenye X470 anayelihitaji aniambie, nampa bure.