Mjadala: TCU ina meno kwa vyuo vikuu vya umma, au kwa vya binafsi tu?

Wakuu, mwaka 2017, baada ya ukaguzi wa ubora, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, vingi vikiwa vya binafsi. Niliunga mkono, na leo bado naunga mkono. Ninachohoji ni kwa nini rungu hilo linakuwa zito kuinua linapofika kwa chuo cha serikali.

Sidhani ni upendeleo. Chuo binafsi kikiambiwa hakina wahadhiri wa kutosha, wenye chuo wanatangaza nafasi. Chuo cha umma kinaomba kibali cha ajira Utumishi, kinasubiri bajeti, kisha mchakato wa Sekretarieti ya Ajira. Huku nyuma wanafunzi wameshapangwa na Bodi ya Mikopo imeshatoa fedha. Hapo TCU imwadhibu nani? Ikifunga kozi anaumia mwanafunzi, na aliyechelewesha kibali hajaguswa.

Matokeo yake mliopita huko mnayajua. Darasa la mamia, mhadhiri na kipaza sauti, semina zote juu ya mhadhiri msaidizi mmoja, jaribio la kuchagua a, b, c kwa sababu hakuna wa kusahihisha insha 600. Kijana anamaliza miaka mitatu hajawahi kurudishiwa kazi yake ikiwa na maoni ya mwalimu pembeni. Mtaala wa kozi hiyo unaweza kupata ithibati ukiwa safi kabisa, na hilo lisionekane popote. Mimi linaniuma kuliko upungufu wa majengo.

Kuna wanaosema vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) vijisimamie, maana vilikuwa na Seneti na watahini wa nje kabla TCU haijaanzishwa mwaka 2005, na baraza la ithibati lililoitangulia lilihusika na vyuo binafsi. Ni hoja nzito. Lakini mtahini wa nje anakuja mwishoni, mitihani imeshafanywa. Hapangi darasa liwe la watu wangapi.

Wengine wataleta HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Maabara zinajengwa, wahadhiri wanasomeshwa, vizuri sana. Ila mradi una mwisho, na mshahara wa mhadhiri ni wa kila mwezi.

Msimamo wangu: idadi ya udahili kwa kila kozi ifungwe na wahadhiri wanaofundisha kweli mwaka huo, aliye masomoni au aliyeteuliwa serikalini asihesabiwe. Na ripoti ya ukaguzi wa kila chuo iwekwe wazi, itaje upungufu wa chuo na pia ofisi iliyokalia kibali. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, tunaibishania mpaka vijiweni; ya chuo anachosoma mtoto wako umewahi kuisikia ikijadiliwa?

Najua bei yake. Mwanzoni nafasi zitapungua, na watakaokosa kwanza ni watoto wa shule za kata, ambao vyuo vya umma ndiyo tegemeo lao. Hapo ndipo nataka kuwasikia, hasa mnaofundisha: kozi yako ikipunguziwa udahili hadi uweze kusahihisha insha ya kila mwanafunzi, utaunga mkono, au utasema tunawafungia mlango?