Udongo wenye dizeli, fedha kidogo: nisome 16S kwa sampuli zote au metajenomu kwa chache?

Nyasi_Katikati:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa mliowahi kushika vinasaba vya udongo. Zimebaki wiki chache niwasilishe pendekezo la utafiti wangu wa uzamili.

Eneo langu ni kiwanja ambacho dizeli ilivuja kutoka tangini kwa miaka mingi. Karibu pote hapaoti kitu, ila kuna nyasi za aina moja zimeshika katikati kabisa ya doa, na ukijani wake hauna kasoro. Kila nikipita najiuliza kama ni ustahimilivu wa nyasi zenyewe, au kuna bakteria mizizini wanaozibeba. Nataka kuwajua bakteria hao na jeni zao za kuvunja mafuta, ili udongo kama huu usafishwe palepale ulipo, badala ya kuchimbwa na kwenda kutupwa kwingine.

Fedha nilizonazo zinatosha kusoma jeni ya 16S, ile ya kuwatambua bakteria, kwa sampuli 24, au metajenomu, yaani DNA yote iliyomo udongoni, kwa sampuli 6. Msimamizi ameniachia niamue mwenyewe. Mngefanyaje?

MsomaUdongo:
Swali zuri, ndugu. 16S itakupa majina ya koo. Kila bakteria anayo, na tofauti ndogo ndani yake zinatosha kumtambua. Tatizo ni kwamba bakteria wawili wa ukoo mmoja, mmoja anaweza kula dizeli na mwenzake asiiguse, maana jeni za kuvunja mafuta mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, vipete vidogo vya DNA vilivyo kando ya kromosomu, na huhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Metajenomu ndiyo itakayokuonyesha jeni kama alkB, inayotoa kimeng'enya cha kuanza kuvunja alkani, sehemu kubwa ya dizeli. Lakini gramu moja ya udongo ina spishi maelfu. Ukisoma kijuujuu utaishia na vipande visivyoungana.

Mimi ningegawa fedha katikati. Chukua sampuli 12 za 16S: tatu chini ya nyasi ndani ya doa, tatu za doa tupu, tatu chini ya nyasi zilezile kwenye udongo safi wa jirani, na tatu za udongo safi usio na nyasi. Nusu inayobaki isomee metajenomu 3, zote za mizizini ndani ya doa, tena kwa kina. Ukishapata mfuatano wa alkB ya pale, tengeneza praima zako (vipande vifupi vya DNA vya kuinasa jeni hiyo) uihesabu kwa PCR, njia ya kunakili DNA, katika sampuli zote 12. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha.

Huo udongo safi usiuache kwa namna yoyote. Utafiti wangu wa kwanza niliuacha. Nikapata jeni za kula mafuta tele, nikafurahi, hadi nilipoulizwa kama ni nyingi kuliko kwenye udongo wa kawaida. Sikuwa na jibu, na miaka miwili ilikuwa imekwenda.

Mzizi_Mrefu:
Naongezea upande wa mimea. Ukitoa DNA kwenye mizizi, praima nyingi za 16S zitanasa pia mitokondria na plastidi za nyasi, kwa sababu asili ya vyote viwili ni bakteria. Unaweza kukuta sehemu kubwa ya usomaji ulioulipia ni nyasi tupu. Kung'uta mizizi, uchukue ule udongo mwembamba uliobaki umeng'ang'ania, au tumia vizuizi vya PNA, vinavyozuia DNA ya nyasi isinakiliwe.

Wazo lako la nyasi na bakteria lina mfano ninaoupenda sana. RDX ni kilipuzi cha kijeshi ambacho huchafua maji ya ardhini kwenye viwanja vya mazoezi. Watafiti walichukua jeni xplA na xplB za bakteria wa jenasi Rhodococcus, wakazipandikiza kwenye nyasi aina ya switchgrass. Matokeo ya jaribio la shambani la miaka mitatu yalichapishwa 2021: nyasi zile zilikuwa zikiivuta RDX na kuivunja ndani yake.

Sahani_ya_Agari:
Wenzangu wamesema vizuri, ila mimi ningeanza na kuotesha. Wajapani waliomtangaza Ideonella sakaiensis 2016 walikusanya sampuli 250 kwenye eneo la kurejeleza chupa za PET, wakatafuta kinachokula plastiki ile kwa macho yao, ndipo wakasoma jenomu na kukuta vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi hiyo. Jeni kuwepo si ushahidi kwamba inafanya kazi, na DNA ya bakteria waliokufa hubaki udongoni muda mrefu. Weka dizeli kama chakula pekee kwenye chupa uone nani anakua. Ni gharama ndogo.

Halafu pima nitrojeni na fosforasi. Mafuta ni kaboni na haidrojeni karibu tupu, kwa hiyo bakteria wanaweza kuwa na jeni zote na bado wakadumaa kwa njaa. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska 1989, fukwe ziliwekwa mbolea kuwalisha bakteria waliokuwepo tayari. Huenda nyasi zako zinafanya jambo kama hilo kupitia mizizi.

Nyasi_Katikati:
Asanteni sana. Nimeshabadilisha pendekezo: makundi manne, metajenomu tatu, na chupa za kuotesha zinaanza wiki hii. Hilo la nitrojeni sikuwa nimelifikiria kabisa. Swali la mwisho: maabara ya kusoma DNA iko nje ya nchi. Nitume udongo au DNA?

MsomaUdongo:
Tuma DNA. Udongo huzuiwa mipakani kwa hofu ya magonjwa ya mimea. Hata hivyo ulizia kibali kabla hujachukua sampuli, maana Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa, inahusu rasilimali za kijenetiki na ilianza kutumika 2014. Na andaa mrija mmoja usio na udongo, uupitishe hatua zote pamoja na mingine, kwa sababu vitendanishi vyenyewe huja na DNA ya bakteria wao.