Vitenge vya sandukuni: nani ameshakata chake akashona kitu cha nyumbani? Tupeane uzoefu

MamaTatu_Ujiji
Habari zenu wapendwa, hasa wa Kigoma na Tabora, maana huku kwetu najua sanduku la mama halikosi vitenge. Mi nashonea nyumbani hapa Ujiji, cherehani ya miguu, na kuna kitu nakiona karibu kila nyumba nikienda kupima mtu: pisi nzuri kabisa za wax zilizovuka ziwa kutoka Kongo zimekunjwa, zimewekewa nafthalini, zinasubiri shughuli ambayo haifiki miaka nenda rudi, na wakati huohuo kitandani kumetandikwa shuka la polyesta lililopauka mpaka maua hayaonekani. Inaniuma kwa kweli. Zile rangi mtu kakaa akazipanga ili zionekane, sasa ndani ya sanduku zinaonwa na nani?

Mi nimejiwekea utaratibu. Pisi ni yadi 6, gauni na kilemba kwangu vinatosha kwenye yadi 5, basi yadi moja naitoa kabla fundi mwingine hajaigusa na inaingia kwenye kapu la viraka. Kapu likijaa nashona shuka la kutandika, zito, la tabaka tatu, yani juu viraka, katikati kitu cha joto, chini kitambaa kimoja kizima, halafu unapitisha mishono juu yake yote vishikane.

Kwa wanaotaka hesabu, kitanda cha tano kwa sita mi nashona shuka la inchi 84 kwa 84 ili lining'inie pembeni. Nakata viraka vya inchi 7 na nusu kila upande, robo inchi inaliwa na mshono kila pembeni, kinabaki 7. Vinaenda 12 kwa 12, jumla 144. Yadi moja ya kitenge, ukishaondoa ile kingo yenye maandishi ya kiwandani, inatoa viraka 20, kwahiyo yadi 8 zinakutosha na vinabaki vya foronya ya mto mdogo. Zikiwa yadi 8 za vitenge vinane tofauti ndo raha yenyewe.

Haya tuambieni, mlikata kipi, mkashona nini, rangi mlizipangaje, na katikati mnaweka nini? Wa kushona kwa mkono na nyie mnakaribishwa.

zawadi_mwanga
Nipo hapa nasoma, nina pisi tatu za mahari ya dada hazijaguswa na mkasi nauogopa

FundiKibirizi
Mama Tatu heshima yako. Mi ni fundi, nashona Kibirizi karibu na soko, nichangie upande wa ufundi. Kwanza msianze na kitenge cha sandukuni kama roho inasita, nendeni kwa mafundi. Chini ya meza yangu kila jioni kuna vipande vya shingo, vya mikono, vya marinda, vingine vinafika shibri na zaidi, na mimi sina kazi navyo. Mteja akiniomba vyake nampa, vya wale wasiorudi kuulizia ninampa anayeomba kwa adabu. Kuna mama mmoja wa jirani kashona mapazia ya jikoni yote kwa vipande vya kwangu na nikipita naona kila nguo niliyoshona mwaka ule.

Pili muangalie kitambaa. Sokoni sasa hivi vimechanganyika, pamba na polyesta vinachorwa ua lilelile na muuzaji anakwambia vyote wax. Chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe na kiberiti. Pamba inawaka inanuka kama karatasi na majivu yake yanasagika kidoleni, polyesta inajikunja inayeyuka inabaki kidonge kigumu cheusi. Na wax ya kweli rangi inakolea pande zote mbili, geuza uone. Usishone pamba na polyesta kwenye shuka moja, pasi ya mkaa inayonyoosha pamba itakuyeyushia ile nyingine na kwenye kufua pamba inaruka polyesta hairuki, shuka linakuwa na mabonde.

Tatu sindano. Kuunga viraka namba 14 inatosha, ukifika kwenye tabaka tatu weka 16 na urefushe hatua ya mshono kidogo. Anzia mishono KATIKATI ya shuka ukielekea nje. Ukianzia pembeni kitambaa kinasukumwa kinakusanyika katikati na hapo hakuna pasi itakayokusaidia.

DadaLeah_Kasulu
Samahani Mama Tatu naomba nitofautiane na wewe. Umesema inakuuma kuona pisi zimekaa sandukuni, mi nimelelewa na hizo pisi. Mama yangu hakuwa na akaunti benki, alikuwa na sanduku. Ada ikifika inatoka pisi moja anaenda kuuza, mtu akiugua inatoka nyingine, na kitenge cha wax kizuri hakishuki thamani haraka ndo maana alikuwa anapokea vitenge kwenye mchezo badala ya hela, akija mtu kutoka Manyovu au kutoka ng'ambo ya ziwa anamwagiza. Yadi 6 kamili zinauzika popote. Ukitoa moja zikabaki 5 hakuna anayenunua, hiyo sio pisi tena ni kipande. Kwahiyo wamama wenye masanduku msiwaone kama wamefungia uzuri ndani, wameweka watoto wao shule. Nimeongea kwa heshima dada yangu.

MamaTatu_Ujiji
Leah mdogo wangu umesema kweli na sikupingi, mama yako alikuwa na akili kubwa. Ngoja niseme vizuri, pisi ya akiba iache kamili, isiguswe, mi nasema ile ambayo tayari umeamua ni ya kuvaa. Hiyo tayari inaenda kukatwa, sasa usiache kile kipande kinachobaki kikapotelea kwa fundi au kikawa tambara la kufutia meza. Na bado nasimamia langu kwamba kwenye sanduku la pisi kumi hata moja iwe ya macho yako mwenyewe. Mama anayeweka akiba ya kila mtu na yeye alale juu ya kitu kizuri jamani.

DadaLeah_Kasulu
Hapo tumeelewana dada. Moja ya macho yake.

mwalimu_mstaafu_Tabora
Mwangaluka wanangu. Mimi nipo Kanyenye, nimestaafu, cherehani sina na siitaki, nashona kwa mkono chini ya mwembe jioni jua likipungua. Sijui kama yangu ni ya vitenge maana ni kanga, ila nadhani inahusu.

Dada yangu mkubwa alipofariki tuligawana kanga zake, mimi nikapata doti nyingi kuliko wengine kwa sababu nilikuwa naye. Kuzivaa zote siwezi, umri huu nivae kanga ngapi, na kuzigawa nje ya familia moyo ulikataa. Nikaamua nishone shuka moja la ukumbusho. Kazi ilikuwa kwenye kukata. Kanga ina pindo lake kuzunguka, ina mji katikati na ina jina, yani ule msemo ulioandikwa, ukikata viraka vya mraba tu hovyo unaua vyote vitatu, unabaki na rangi isiyo na habari. Nikachukua kanga aliyoipenda kuliko zote, imeandikwa WEMA HAUOZI, hiyo nikaiweka nzima katikati ya shuka na jina lake, sikuitia mkasi. Kanga moja ni kama sentimeta 150 kwa 110 kwahiyo inabeba kitovu chote cha shuka. Zile nyingine nikatoa mapindo yake marefu nikayazungusha, pindo baada ya pindo, kila mzunguko kanga moja. Watoto wake wakija wanakaa juu ya kitanda wanaanza kuonyeshana, hii alivaa harusi ya fulani, hii alikuwa anabebea wajukuu. Hayo mazungumzo hayakuwepo zilipokuwa zimefungwa kwenye furushi.

Kwa wanaoanza nawasihi mfue kwanza kabla ya kukata. Kila rangi na beseni lake, hasa nyekundu, nyeusi na buluu ya kukoza. Bonyezea kitambaa cheupe kibichi juu yake, kikitoka na rangi rudia kufua, usikiunge na cheupe mpaka kiache. Na ile wanga ya dukani itoke, kitenge kipya kinasimama kwa wanga, kikishafuliwa kinaruka kidogo, sasa kiruke kabla hujapima.

FundiKibirizi
Shikamoo mwalimu. Hilo la kufua kwanza wateja wangu wengi wanalikataa kwa sababu ya haraka, nimefurahi limesemwa na mtu mzima.

Jose_Manyovu
Wanaume tunaruhusiwa? Huku juu Manyovu usiku baridi sio ya mchezo, mwezi wa sita na wa saba mtu wa Kigoma mjini akija analala na koti. Mke wangu anashona na mimi nakata, mkono wangu umenyooka kwenye kukata. Katikati tunaweka blanketi la mtumba lililochoka, lile jembamba ambalo peke yake halifuniki mtu, likishakuwa ndani ya vitambaa viwili ni joto la uhakika. Tuliwahi kuambiwa tuweke sponji, hapana, sponji inavunjikavunjika ukifua na haikauki.

Juu yetu sio vitenge vyote. Suruali zangu za shamba zikichakaa magotini, nyuma ya paja kitambaa bado ni kizima, tunakata hicho, kijivu na kahawia na jinzi, halafu katikati ya kila viraka vinne mke wangu anaweka kimoja cha kitenge cha njano au chekundu kinachowaka. Nilikuja kusoma kwamba kule Marekani jimbo la Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, wamama weusi wajukuu wa watumwa wamekuwa wakishona hivyohivyo kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasilale na baridi, na mwaka 2002 mashuka yao yakatundikwa kwenye majumba ya sanaa Houston na New York watu wakapanga foleni kuyaona. Nikamwonyesha mke wangu picha akaziangalia sana akasema hawa wanajua pa kuiacha rangi ipumzike. Toka siku hiyo anapanga sakafuni kwanza, shuka zima, ndo anaunga.

zawadi_mwanga
Kaka Jose "pa kuiacha rangi ipumzike" naondoka nayo hiyo

Wifi_wa_Isevya
Mi nina upande mwingine wa rangi. Wifi yangu yupo Uingereza, Leicester, na huko kushona viraka ni kitu kikubwa, wanakiita kwilti, maduka yapo ya hilo tu. Alipokuja Tabora likizo akaniletea fungu la vitambaa vya Kaffe Fassett, huyu ni msanii aliyezaliwa San Francisco 1937 akahamia London, anachora maua makubwa, kabichi, majani, rangi zimejaa hakuna nafasi tupu. Wanauza kwa vipande vya inchi 18 kwa 22, ni robo ya yadi ila imekatwa kwa upana. Na wifi akaniambia na wenzake huko wanaviogopa kuvikata, wananunua wanaweka kabatini! Nikasema kumbe sanduku la mama lipo mpaka Uingereza.

Sasa huyu Fassett hafuati mtindo wa kuweka rangi moja tulivu pembeni ya kitambaa chenye maua. Yeye anaweka ua juu ya ua juu ya ua, na haigombani, kwa sababu anashika ukoo mmoja wa rangi, vyote vya moto moto, au vyote vya bluu na kijani. Nikajaribu nikachanganya vyake na vitenge vyangu, nikachagua vyenye machungwa, pinki na nyekundu tu. Ua kubwa la kitenge lilitaka kiraka kikubwa, inchi 10, ukikata kidogo unapata jani nusu na mtu hajui ni nini. Vitambaa vyenye maua madogo nikakata inchi 5, vinne vinajaza nafasi ya kimoja, hapo uongeze za mishono. Imetoka foronya nne na kitambaa cha kochi, na mgeni akiingia hajui kipi cha London kipi cha Kigoma. Wax zetu wala hazikuonekana ndogo pembeni ya vile vya bei, nasema kwa fahari kabisa, na zaidi nyingine rangi zake zilikuwa na kina kuliko vya kwake.

Na simu inasaidia. Panga viraka sakafuni, piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona yote kijivu kimoja basi huna giza wala mwanga, toa vichache weka vyeupe vyeupe au vyeusi kabisa.

MamaTatu_Ujiji
Wifi hiyo ya picha nyeusi na nyeupe sikuwahi kuisikia, naipeleka kwenye shuka la mwanangu anayeolewa, nimeshakwama nalo kwenye zambarau. Mwalimu shikamoo, hilo la mapindo kuzunguka naomba ruhusa niwafundishe wasichana wangu.

mwalimu_mstaafu_Tabora
Marahaba mwanangu, wafundishe, haina mwenyewe.

zawadi_mwanga
Basi nami nimeshachukua pisi moja kati ya zile tatu, nimemuuliza dada kasema kata tu mradi nipate mto. Fundi, pembeni ya shuka unamalizia vipi? Nakunja au naweka kitu?

FundiKibirizi
Usikunje, tabaka tatu zikikunjwa zinakuwa nene zinakata uzi. Kata mikanda ya upana wa inchi 2 na nusu kwa kunyoosha, iunge iwe mmoja mrefu kuliko mzunguko wa shuka, ikunje katikati kwa urefu upige pasi. Shonea kwa mbele, zile kingo mbili za mkanda ziende sawa na ukingo wa shuka, ukikaribia kona simama robo inchi kabla, nyanyua mkanda uende juu halafu urudishe chini ndo uendelee, hapo kona inajikunja yenyewe vizuri. Ukizunguka yote geuza kwa nyuma umalizie kwa mkono. Baisi ya kukata mshazari ni ya kingo za mviringo tu, kwenye shuka lililonyooka unapoteza kitambaa bure. Kama upo Mwanga njoo Kibirizi asubuhi kabla wateja hawajajaa nikuonyeshe kona moja, zilizobaki utapiga mwenyewe, na uje na hicho kitenge nikiangalie kama ni pamba.