Ushauri: mdogo wangu anaona nuru, ni karama au ni nini?

Mwana Langoni: Asalaam aleikum. Mdogo wangu ana miaka 19, mwezi huu amekuwa anaona nuru, harufu ya udi inamjia na chetezo hakuna, anasikia anaitwa jina, anajaa furaha mpaka analia. Majirani mtaani Langoni, Lamu, washaanza kuleta watoto awaombee dua. Jumamosi anapelekwa kwa shehe mmoja kisiwani Pate. Mnaonaje?

Bi Shela: Mashallah. Sisi tulikuwa na shangazi akijua jahazi litaingia kabla halijaonekana, kafa na siri yake. Mpelekeni mwanangu, na anywe kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa.

Nahodha Mstaafu: Kombe halidhuru. Baada ya nuru kunafuata nini?

Mwana Langoni: Anakodoa macho, anatafunatafuna, dakika moja hivi ukimwita hajibu. Mara mbili kaanguka.

Nesi wa Witu: Ana kifafa?

Mwana Langoni: Sawa nisiwafiche. Anacho tangu utotoni, baada ya malaria ya kichwani. Alikuwa anameza kabamazepini, dawa ya kifafa, asubuhi na usiku, Ramadhani tukaziacha afunge, Idi ikapita tukaona katulia hatukurudisha. Lakini zamani nuru haikuwepo, kwahiyo hiki si kifafa, na nauli ya boti nishatuma.

Nesi wa Witu: Ndicho hicho ndugu yangu. Kikianzia ubavuni mwa ubongo, usawa wa sikio, mtu husikia harufu isiyokuwepo, sauti, hofu au furaha kubwa. Dostoevsky, yule mwandishi Mrusi, alikuwa nacho na alieleza furaha kama hiyo kabla ya kuanguka. Simtoi Mungu hapo, nasema dawa ikikatwa ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, akafa. Mngeuliza, saa za kumeza zingepangwa daku na futari. Na msimrudishie dozi nzima kwa kukisia, kliniki kesho asubuhi.

Kijana Mkomani: Huyu anatunga. Jumapili humu jukwaani, kwenye uzi wa vyumba vya kupanga, alisema anaishi Mombasa peke yake, leo ana mdogo Langoni?

Bi Shela: Hee! Na mie nishamuombea dua.

Mwana Langoni: Niko Mombasa kikazi, mama ndiye yuko naye. Juzi kaangukia jiko la makaa kaungua mkono. Sikutaka kusema kwasababu dawa nilizikataza mimi, kwa simu.

Nahodha Mstaafu: Basi asipande boti. Nilikuwa na baharia wa hivyo, bahari shwari kabisa akaenda majini, tulimdaka kwa kikoi tukiwa watu wanne. Tungekuwa wawili tungemzika.

Mwana Langoni: Nimempigia mama, Pate hawaendi, asubuhi ni kliniki. Anasema mtoto analia hataki vidonge, anaogopa nuru haitarudi.