Steam, GOG au diski: akaunti ikifungwa, mnunuzi anabaki na nini?

Mwanzisha mada: Wanajukwaa, naomba tulinganishe Steam na GOG, yaani maduka ya mtandaoni ya michezo ya kompyuta, pamoja na michezo ya diski, kwa jambo hili moja. Mwezi uliopita benki yangu ilirejesha malipo ya mchezo mmoja kwa kudhani kadi yangu imeibwa, na duka nililonunulia likafunga akaunti nzima. Majina ya michezo yote bado nayaona, lakini kitufe cha kucheza kimefifia hata kwenye ile niliyoilipia miaka sita iliyopita. Ni wapi ningenunua nisifikwe na haya?

Nanga: Pole sana, ndugu. Kwa Steam, mkataba unasema wazi kwamba unacholipia ni leseni, yaani ruhusa ya kucheza na si umiliki wa mchezo, na akaunti huwezi kuiuza wala kumhamishia mtu mwingine. Tangu Oktoba 2024 maelezo hayo huonekana kwenye kikapu kabla hujalipa, na sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inawakataza wauzaji kutumia neno «nunua» bila kumweleza mteja kuwa anapewa leseni tu. Hata hivyo, tusichanganye adhabu. Anayenaswa na VAC, mfumo wa Steam wa kukamata wadanganyifu, kwa kutumia programu za udanganyifu huzuiwa kwenye seva za mchezo husika zinazolindwa na mfumo huo, ilhali michezo yake mingine inaendelea kufunguka. Yaliyokupata wewe ni mazito zaidi, kwa sababu mlango wenyewe ndio uliofungwa.

Msomaji wa Mikataba: GOG nayo hutoa leseni, kwa hiyo kisheria tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tofauti kubwa iko kwenye faili: unapakua kisakinishi, yaani faili la kuuweka mchezo kwenye kompyuta, unakihifadhi kwenye diski kuu ya nje, na siku yoyote unausakinisha mchezo bila intaneti wala kuingia kwenye akaunti. Sharti ni kupakua mapema, maana akaunti ikishafungwa, usichokipakua nacho kimekwenda.

Bahari Shwari: Mimi ni mtu wa diski, lakini sitamshauri mtu aitegemee kwa upofu. Mchezo wa The Crew wa kampuni ya Ubisoft ulitoka mwaka 2014, seva zake zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa haukuweza kuchezwa bila seva hizo, wenye diski walikosa kama wengine.

Nanga: Na mahakama zisitupe matumaini ya haraka. Mwaka 2019 mahakama ya Paris iliamua kwamba mtumiaji wa Steam ana haki ya kuuza tena michezo yake, lakini mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo mwaka 2022.

Mwanzisha mada: Nashukuru sana. Kuanzia sasa mchezo unaopatikana GOG nitaununua huko, na kisakinishi nitakipakua siku hiyohiyo. Kuhusu akaunti iliyofungwa, benki imekiri kosa lake kwa barua, nami nimeiambatisha kwenye rufaa niliyoituma leo asubuhi.