Keria ya kayaki mbili juu ya RAV4: fundi anataka kunichomelea kapu zima, nikubali?

Baba Zuhura (Tabata, Dar)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, hasa watu wa pwani.

Nimenunua kayaki mbili (vile vimtumbwi vya kupiga kafi) kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Kigamboni. Ni za plastiki ngumu, zile za kukalia juu, si za kuingiza miguu ndani. Moja ni ya mtu mmoja, urefu mita 3, kilo 22. Nyingine ni ya watu wawili, mita 3.9, kilo 34. Nimezipima mwenyewe: nilisimama kwenye mzani nikiwa nimezibeba, kisha nikatoa uzito wangu. Ya watu wawili mke wangu alinisaidia kuishika hadi ikatulia.

Gari ni RAV4 Kilitaimu, ina reli mbili za pembeni juu ya paa lakini haina vyuma vya kukingama kutoka reli moja hadi nyingine. Fundi wa mtaani amepima, anataka kunichomelea kapu zima la skwea paipu ya inchi moja na wavu chini, kwa laki tatu na nusu. Anasema litabeba hata magunia ya mkaa. Kitabu cha gari ninacho, ila kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho.

Nataka kuwapeleka wanangu Bagamoyo, kutoka kwangu ni karibu kilomita 70. Watoto watakuwa ndani ya gari na watu wengine watakuwa nyuma yangu barabarani. Sitaki kubahatisha. Nikubali hilo kapu? Na zinafungwaje?

Msukuma_Ziwani (Mwanza)

Mkuu, una bahati gari yako ina reli. Mimi natumia IST, paa tupu. Naweka mito miwili ya sponji, mkanda unapita ndani ya gari kupitia milangoni. Kwa kayaki moja na safari ya kilomita tano hadi ziwani inatosha, na mvua ikinyesha maji yanafuata mkanda hadi kwenye siti. Kwa kilomita 70 na kayaki mbili nisingethubutu.

Mwana wa Mnarani (Kilifi)

Kaka wa Tabata, ni dada yako wa Kilifi hapa. Hongera kwa kayaki, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla hujalipa. Tangu 2014 nabeba kayaki kati ya Mnarani na Mida Creek, napeleka wageni na watoto wa shule kwenye mikoko. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu umetaja watoto.

Kapu usichomelee. Uzito ambao mtengenezaji wa gari anaruhusu juu ya paa unahesabu kila kitu kilicho juu ya bati, pamoja na keria yenyewe. Kapu langu la kwanza nililipandisha kwenye mzani wa muuza nafaka, likasoma kilo 38, na hapo sijaweka hata kafi moja. Magari mengi madogo huruhusiwa kati ya kilo 50 na 100. Ukiweka kapu la 38 na kayaki zako za 56 umefika 94. Kile kitabu cha Kijapani kifungue, tafuta kurasa zenye picha ya paa, piga picha kwa simu, programu ya kutafsiri itakusomea. Usinunue chochote kabla ya kuipata hiyo namba. Keria nayo ina namba yake. Ukishazipata zote mbili, fuata iliyo ndogo.

Halafu kuna jambo ambalo fundi wako hakulifikiria. Gunia la mkaa linakandamiza chini. Kayaki gari likiwa mwendoni inataka kupaa. Upepo unaingia chini ya omo, yaani pua ya kayaki, na kuinyanyua, ukija wa ubavuni unaizungusha. Kwa hiyo keria yako kazi yake kubwa ni kushikilia, na inashikilia pale tu inapong'ata reli.

Nilijifunza hili Julai 2017, upepo wa kusi ukiwa umeshika. Nilikuwa na kayaki moja tu, mikanda miwili, na sikufunga kamba ya omo kwa kuwa safari ni fupi. Katikati ya Daraja la Kilifi upepo uliingia kutoka baharini, ukaipiga ubavu wa kulia. Wakati huohuo basi likanipita. Nikasikia mlio wa chuma kikikwaruza juu ya kichwa changu. Kibanio cha chuma cha mbele kilikuwa kimeteleza kwenye reli, omo ikageukia kushoto, tezi, yaani mkia wake, ikatokeza upande wa pili hadi nikaiona kwenye kioo. Nyuma yangu palikuwa na bodaboda, abiria wake ni mama mwenye mtoto mgongoni. Dereva alikwepa. Hakuna aliyeumia, lakini sura ya yule mama ninayo hadi leo, na tangu siku hiyo sitoki uani bila kamba ya omo na ya tezi, hata nikiwa naenda mita mia tano.

Basi fanya hivi. Tafuta vyuma viwili vya kukingama vyenye vibanio vya reli, vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Viachanishe kadiri reli inavyoruhusu, visikaribiane chini ya sentimita 70. Vyangu vimeachana 84. Vikikaribiana, kayaki inakuwa kama mizani ya dukani, omo ikishuka tezi inapanda.

Mikanda, chukua ile ya klipu unayoivuta kwa mkono. Ile ya racheti ya malori, inayokazwa kwa mpini, iache, maana ina nguvu kuliko plastiki. Kwa jua letu plastiki inalainika, mkanda uliobanwa kwa racheti unaacha bonde kwenye tumbo la kayaki. Mara nyingi bonde linarudi lenyewe ukiianika juani bila mzigo, lakini mkanda nao unakuwa umelegea ukiwa njiani, na hilo ndilo la kuogopa. Mkanda upite juu ya kayaki, uzunguke chini ya chuma, urudi. Kabla hujaubana, usokote mara moja au mbili, la sivyo utavuma kama mzinga wa nyuki hadi ufike.

Kamba ya omo watu wanapata tabu pa kuifunga. Fungua boneti, utaona bolti zinazoshika madigadi. Kila upande legeza moja, pitisha kitanzi cha mkanda wa siti chenye tundu, kaza tena. Ukifunga boneti kitanzi kinachomoza kwenye upenyo. Ukimaliza safari unakirudisha ndani. Kamba inatoka omo hadi vitanzi viwili, umbo la V. Isivutwe sana, iwe imenyooka tu. Uzuri wake, unaiona ukiwa umeketi kwenye usukani. Ikilegea, simama papo hapo.

Baba Zuhura

Dada, asante sana. Nimesoma mara mbili, mke wangu naye kasoma. Tatizo ni upana. Ya mtu mmoja ni sentimita 76, ya watu wawili ni 86. Zikilala sambamba ni zaidi ya mita moja na nusu, zitatokeza nje ya paa.

Fundi Skwea (Ilala)

Mimi ni fundi wa kuchomelea na ninaunga mkono aliyosema dada wa Kilifi. Mwenzangu wa Tabata ana nia njema, ila kazi ya chuma kizito kwa gari ndogo si mahali pake. Vyuma vya kukingama viko Ilala na Kariakoo kwenye spea za Japani. Angalia vilivyoandikwa Inno au Terzo. Nenda na gari, usiende na vipimo vya karatasi, kwa sababu mguu wa keria lazima ukae kwenye reli yako bila upenyo. Kagua raba za ndani ya kibanio. Zikiwa zimekauka na kupasuka, usichukue, hata kama bei ni ya kutupwa. Raba ndiyo inayong'ata.

Kwa upana wako, dawa ni nguzo. Fundi wako akukunjie nguzo mbili za bomba jembamba, kila moja ifungwe kwa bolti katikati ya chuma chake, zisimame sentimita 60 hivi. Usimruhusu achomelee kwenye chuma chenyewe, moto unakidhoofisha. Kazi yake atapata, nawe hutabeba kapu.

Mwana wa Mnarani

Fundi amesema kweli. Kayaki zinasimama kwa ubavu, moja kila upande wa nguzo, sehemu ya kukalia ikitazama nje na tumbo likiegemea nguzo. Ubavu wa plastiki ni mgumu kuliko tumbo. Vyuma na nguzo vivishe sponji ya mabomba. Kila kayaki iwe na mikanda yake miwili, usizifunge pamoja kwa mkanda mmoja. Pandisha kwanza nzito, upande wa kondakta, kisha nyepesi upande wako. Ukimaliza, shika omo utikise kwa nguvu. Gari zima litikisike pamoja nayo. Kayaki ikicheza peke yake, rudia.

Usiku uliotangulia safari, fungua vizibo vya kutolea maji. Lita kumi zilizobaki ndani ni kilo kumi juu ya paa.

Baba Zuhura

Narudi na majibu. Kitabu kilisomeka kwa simu. Vyuma vya mtumba nilivyopata Ilala pamoja na nguzo ni kilo 11, jumla 67 na kayaki, niko ndani ya kiwango cha gari na cha keria. Duka la pili ndilo lililokuwa na raba nzima. Fundi wa mtaani alikunja nguzo kwa elfu arobaini, na alifurahi kuelezwa sababu.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kitambaa chekundu kwenye tezi, vitanzi vya boneti kama ulivyoeleza. Sikuvuka 80, na kwenye vibao vya 50 nilikuwa 50. Tegeta nilisimama kukagua: mkanda wa nyuma wa ile kubwa ulikuwa umelegea, vidole viwili vinapita. Nikabana upya, haukulegea tena. Zuhura ana miaka 11, kazi yake ilikuwa kutazama kamba ya omo. Karibu na Mapinga tulipishana na lori la mchanga, akasema "Baba, imetetemeka." Nilisimama, nikashuka, nikatikisa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikamwambia asante, aendelee kuangalia.

Swali la mwisho: chumvi. Vibanio tayari vina madoa.

Mwana wa Mnarani

Mwambie Zuhura anajua kazi. Kila ukirudi baharini suuza vyuma, klipu za mikanda na vitanzi kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, usingoje kesho. Mara moja kwa mwezi fungua bolti za vibanio, pakaa grisi kidogo kwenye nyuzi, kisha kaza. Raba usiziguse na grisi, zitateleza.