Waongozaji wa uzamiaji, acheni kupima bahari kwa kutazama uso wake tu

Ndugu wanajukwaa, nimechoshwa na waongozaji wa safari za kuzamia ambao hutupa jicho majini mara moja, wakatangaza kwamba bahari imetulia, kisha wakamnunia mteja anayethubutu kuuliza maji yatasimama saa ngapi, yaani mkondo utatulia lini kabla ya kugeuka. Mara ya mwisho nilipouliza, nilijibiwa kwamba simu inaonyesha upepo mdogo, kana kwamba upepo ndio unaoyaendesha maji ya bamvu, yaani ya kujaa na kupwa kukubwa, kwenye mlango wa miamba.

Uso uliotulia haukwambii kasi ya mkondo. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde hukusogeza mita 30 kila dakika, na mzamiaji wa kawaida hawezi kushindana nao kwa muda mrefu bila kuimaliza hewa ya mtungi wake, kwa sababu mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayomsukuma huongezeka mara nne. Mahali palipozamika bila taabu wakati wa maji mafu, yaani ya kujaa na kupwa kudogo, panaweza kuwa pa hatari baada ya juma moja, bamvu likiwa limefika, hata kama upepo ni uleule. Wala haitoshi kusoma jedwali la kupwa na kujaa, kwa maana katika njia nyembamba mkondo huweza kuendelea kwa saa nzima au zaidi baada ya maji kufikia ukomo wa kujaa, na tofauti hiyo huijua nahodha anayepita hapo kila siku, ambaye mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Kinachoniudhi zaidi ni mawimbi yanayotoka mbali. Tunatajiwa kimo peke yake, yaani mita 1, basi. Muda kati ya wimbi na wimbi hautajwi kabisa. Wimbi hutikisa maji hadi kina cha takriban nusu ya urefu wake wa kilele hadi kilele. Kwenye maji ya kina kirefu, lile linalopita kila sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi, kwa hiyo kwenye mita 20 limekwisha nguvu, ilhali la kila sekunde 14 lina urefu wa mita 300 hivi, nalo litakuyumbisha huku na huku juu ya mwamba na kutibua mchanga hadi usimwone mwenzako. Upepo wa kutoka nchi kavu nao (huu ndio mlaghai hasa) hulaza maji karibu na ufuo huku ukimsukuma aliyeibuka kuelekea bahari kuu.

Nataka kabla ya kupanda chomboni tuelezwe saa ya maji kusimama, mwelekeo wa mkondo, muda wa mawimbi, na nani mwenye kauli ya kuahirisha safari. Anayeona kwamba maelezo hayo ni mengi mno kwa mteja aniambie kwa nini karatasi ndefu ya kumwondolea yeye lawama, tunayosainishwa kila mara, haijawahi kuonekana kuwa nyingi mno.